Mchoro wa Takwimu: Ulipie Nini, Uache Nini

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania. Ya 2012 ilikuwa imehesabu 44,928,923. Tuseme asasi yenu inataka kuonyesha ongezeko hilo la asilimia 37 kwa mchoro utakaoeleweka na mtu anayesubiri daladala. Njia ziko nne.

Excel au LibreOffice. Excel huenda tayari imo kwenye kompyuta ya ofisi. LibreOffice ni ya bure. Grafu ya nguzo hupatikana kwa dakika chache, na bando haliguswi. Kasoro ni mapambo yanayokuja bila kuombwa: mistari ya nyuma, vivuli, rangi nyingi. Vifute, kisha andika tarakimu juu ya kila nguzo. Nguzo zianzie sifuri, la sivyo ongezeko dogo litaonekana mlima.

Datawrapper na Flourish. Hizi hutumika kwenye intaneti, na zote zina huduma ya bure. Datawrapper inafaa kwa ramani na grafu za tovuti. Bure utapata picha ya PNG, ila faili za PDF na SVG, ambazo ndizo hufaa kuchapia mabango makubwa, zinalipiwa. Flourish ni hodari wa grafu zinazotembea, lakini kwa akaunti ya bure, unachochapisha huwa wazi kwa kila mtu. Takwimu za sensa hazina shida. Taarifa za wagonjwa zisiingizwe humo.

Canva. Hufanya kazi hata kwenye simu, na kwa picha ya kusambaza WhatsApp ni vigumu kuishinda. Tatizo ni kwamba violezo vyake vinashawishi kupamba. Ukichukua picha ya mtu ukaikuza asilimia 37 kwa urefu na kwa upana, eneo lake huongezeka kwa karibu asilimia 88, na msomaji ataona idadi iliyokaribia kuwa maradufu. Mwanafalsafa Otto Neurath wa Vienna alitatua jambo hili miaka ya 1920: chora watu wa kimo kimoja, kila mmoja awakilishe idadi ileile. Kwa watu milioni 5 kila kimoja, mwaka 2012 unapata vikatuni 9, na 2022 unapata 12 na kipande.

Mbunifu wa kulipwa. Ndiyo njia ghali, na inalipa pale mchoro utakapotumika mwaka hadi mwaka. Kabla ya kazi, kubalianeni bei, idadi ya masahihisho na kwamba utakabidhiwa faili la asili. Bila hilo, kubadili tarakimu moja kutakurudisha kwake na pochi mkononi. Ujumbe uupange wewe, maana yeye analipwa kuuchora.

Mfuko ukiwa mdogo, chagua nguzo za Excel. Watafiti William Cleveland na Robert McGill walionyesha mwaka 1984 kwamba watu hulinganisha urefu kwenye mstari mmoja kwa usahihi zaidi kuliko pembe za chati ya duara. Isitoshe, nguzo zinasomeka hata kwenye fotokopi nyeusi na nyeupe, ambayo ni nafuu kuliko rangi.

Fedha iliyobaki chapia nakala chache za majaribio. Waonyeshe watu wasio wa ofisi yenu, uwaulize mchoro unasema nini. Wakijibu vingine, chora upya kabla ya kuchapa mia tano.