Aspirini ya Dozi Ndogo na Utumbo Mwembamba: Mambo Unayopaswa Kuyafahamu

Watu wengi waliowahi kupata shambulio la moyo au kiharusi huandikiwa na daktari aspirini ya dozi ndogo, kwa kawaida miligramu 75 hadi 100, mara moja kwa siku na kwa muda mrefu. Kwa kuwa kidonge ni kidogo na bei yake ni nafuu, ni rahisi kudhani kuwa hakina madhara. Hata hivyo, dozi inayotosha kuzuia damu isigande ndani ya mishipa hutosha pia kusababisha damu kuvuja katika njia ya chakula.

Dawa inavyofanya kazi

Aspirini huzuia kimeng'enya kinachosaidia chembe sahani za damu kushikamana. Chembe iliyofikiwa na dawa hairudii hali yake hadi inapokufa, baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Kimeng'enya hichohicho hushiriki kutengeneza prostaglandini, yaani kemikali zinazolinda utando laini wa ndani ya tumbo na utumbo. Kinga hiyo inapopungua, michubuko na vidonda vidogo huweza kutokea, na damu inayotoka huchelewa kuganda.

Sehemu isiyoonekana kwa urahisi

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa takriban mita 6. Kipimo cha kawaida cha kamera inayopitishwa mdomoni huishia sehemu yake ya mwanzo tu. Kamera ndogo inayomezwa kama kidonge, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2001, iliwawezesha wataalamu kuona sehemu iliyobaki. Michubuko imeonekana hata kwa watu wenye afya njema waliotumia aspirini ya dozi ndogo kwa wiki chache. Wengi wao hawakuwa na maumivu yoyote.

Dhana mbili zinazopotosha

Kwanza, baadhi ya vidonge hupakwa utando maalumu ili visiyeyuke tumboni. Utando huo hauondoi hatari ya kuvuja damu, kwa sababu dawa huyeyukia katika utumbo mwembamba na kisha huingia katika damu.

Pili, dawa za kupunguza asidi, kama vile omeprazole, hulinda tumbo na mwanzo wa utumbo. Haziukingi utumbo mwembamba wote, kwani madhara ya huko hayatokani na asidi ya tumbo.

Dalili za kuzingatia

Damu inayovuja kidogo kidogo humaliza akiba ya madini ya chuma mwilini. Mgonjwa huchoka upesi, huishiwa pumzi, hupata kizunguzungu au hupauka viganja na midomo. Ukiona dalili hizi, mweleze daktari kuwa unatumia aspirini na uombe kupimwa wingi wa damu. Ukipata choo cheusi kama lami, choo chenye damu au ukitapika damu, nenda hospitali mara moja.

Ushauri kwa mtumiaji

• Usianze kutumia aspirini kila siku kwa kujikinga bila ushauri wa daktari. Kwa mtu asiyewahi kuugua moyo wala kiharusi, hatari huweza kuzidi faida.
• Usiache ghafla dawa uliyoandikiwa, hasa ikiwa uliwahi kupata shambulio la moyo au kuwekewa kijibomba katika mshipa wa moyo. Kuacha bila ushauri kunaweza kuhatarisha maisha.
• Usichanganye na ibuprofen au diclofenac bila kumwuliza mfamasia. Dawa hizo huongeza hatari ya kuvuja damu.
• Punguza au acha pombe.
• Usivunje wala kutafuna kidonge chenye utando, isipokuwa umeelekezwa hivyo na mtaalamu wa afya.
• Usimpe mtoto aliye chini ya miaka 16 bila agizo la daktari.

Kila uendapo kliniki au duka la dawa, taja aspirini miongoni mwa dawa unazotumia, hata kama umeizoea kiasi cha kuisahau.