Ngitili, Malisho Yaliyofungwa

Didia ni nchi ya Wasukuma, katika mkoa wa Shinyanga. Huko mvua ni chache na kiangazi ni kirefu. Wafugaji wa kale waliona ya kuwa ng'ombe wao hufa zaidi kwa kukosa majani kuliko kwa ukali wa jua. Kwa hiyo mvua zilipoanza walifunga sehemu ya malisho, mnyama asiingie. Mahali hapo huitwa ngitili. Majani hukua, hukauka yakiwa yamesimama, nayo ndiyo akiba. Kiangazi kikizidi, ngitili hufunguliwa, wala si pote pamoja, bali sehemu baada ya sehemu. Nyingine ni za jamaa moja, nyingine ni za kijiji kizima.

Desturi hii ilikaribia kupotea. Tangu miaka ya 1920 miti mingi ilikatwa ili kuwafukuza mbung'o, maana huleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Kusudi lilikuwa jema, lakini nchi ilibaki uchi. Kisha mashamba ya pamba yakapanuka. Na katika miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijijini, wengi waliziacha ngitili zao mbali, zikakosa mlinzi. Kufika mwaka 1986 zilibaki kadiri ya hekta 600 tu katika mkoa. Wanawake walikwenda mwendo mrefu kutafuta kuni.

Mwaka huo serikali ilianza kazi iitwayo HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Kwanza walipanda miche. Lakini, ajabu, dawa iliyo kubwa zaidi ilikuwa imelala chini ya udongo: mizizi ya miti ya zamani ilikuwa hai bado! Ardhi ilipofungwa, visiki vilichipua vyenyewe. Kufika mwanzo wa miaka ya 2000 ngitili zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Humo watu hupata kuni, asali, dawa na majani ya kuezekea. Mzee afungaye ngitili leo huenda asikate boriti humo; atakata mjukuu wake.

Kazi ngumu ni kulinda. Ng'ombe wakikonda hata mbavu zikahesabika, mwenyewe hutamani kuwaingiza usiku katika majani ya kijiji. Akikamatwa na sungusungu, hupelekwa mbele ya mkutano wa watu, uitwao dagashida, naye hutozwa faini.