Mabibi Zetu katika Madaftari ya Ndoa

Mtu atafutaye asili yake katika pwani yetu hapati taabu kubwa kuyajua majina ya babu zake, kwa kuwa nasaba husomwa kwa upande wa wanaume, fulani bin fulani, mpaka kwa yule wa kwanza aliyeshuka jahazini au aliyetoka bara. Lakini majina ya mabibi waliowazaa wanaume hao hupotea upesi. Hati ya ndoa ni miongoni mwa maandishi machache yamtajayo mwanamke kwa jina lake na la baba yake, na kwa sababu hiyo yastahili kutafutwa kwa bidii.

Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ndoa husihi kwa walii amwozaye bibi arusi, mashahidi wawili, ijabu na kabuli, yaani tamko la kuoza na la kukubali. Maandishi si nguzo yake, na ndiyo maana ndoa nyingi za kale hazimo daftarini. Katika nchi iitwayo leo Kenya, sheria ya kusajili ndoa na talaka za Waislamu ilitungwa mwaka 1906. Na katika Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilizikusanya ndoa za dini, za serikali na za mila chini ya utaratibu mmoja wa usajili. Hati za zamani aghalabu ni za herufi za Kiarabu na tarehe za hijiria, nazo zataka hadhari: mwaka 1325 ulianza Februari 1907 ukaisha mwanzoni mwa Februari 1908.

Ukiipata hati, usiridhike na majina ya maharusi peke yake. Mtazame walii. Akiwa ni ndugu au ami, huenda baba wa bibi arusi alikwisha fariki, nawe umefunguliwa tawi jipya la ukoo. Akiwa ni kadhi, huenda mwanamke hakuwa na jamaa wa karibu. Na akiwa ni yule aliyemwacha huru, umefahamishwa habari ya utumwa ambayo pengine wazee waliinyamazia kwa kumsitiri.

Kwa Wakristo, madaftari ya misheni ni hazina, hasa ya Bagamoyo, walikofika mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, na ya Freretown karibu na Mombasa, ambako watumwa waliokombolewa walianza maisha mapya. Tangu Pasaka ya mwaka 1908, kwa amri ya Papa Pius wa Kumi, padre Mkatoliki alipaswa kuiandika ndoa katika daftari la ubatizo pia. Basi daftari la ndoa likiwa limepotea, tafuta ubatizo wa bibi yako, usome pambizoni.

Na hati ikikosekana kabisa, ziko kesi za mirathi, maana kadhi hawezi kugawa urithi asiwajue wajane na watoto; ziko talaka na wakfu; na kwa ndoa za mila, wako waliohesabu ng'ombe wa mahari na jamaa wa mshenga.

Lakini hakuna mtunza nyaraka awezaye kumsaidia mtu asiyejua jina la kutafuta. Basi, ndugu msomaji, kabla hujaenda kwa kadhi au parokiani, nenda kwa shangazi na bibi zako walio hai, uwaulize mama zao waliitwa nani, waliolewa mji gani, na nani aliyewaoza. Kisha uyaandike majibu yao siku hiyo hiyo.