Mtoto Mmoja, Ofisi Tano: Nani wa Kuziunganisha?

JE, msomaji, ungefanya nini iwapo saa tatu za usiku mlango wako ungebishwa na jirani wa ploti yenu, amemshika mkono bintiye wa miaka tisa, naye mtoto halii wala hasemi, ametazama chini tu? Tuseme ni siku ya Jumatano, mtaani Kayole au Umoja, mvua imenyesha na stima zimepotea. Jirani anakuvuta kando na kukunong'oneza jambo ambalo hakuna mzazi angependa kulisikia. Mtoto ametendewa unyama, tena na mtu ambaye nyote mnamjua na kumsalimia kila asubuhi.

Wengi wetu, nami nasema haya bila ya kumlaumu yeyote, tungefanya mambo matatu kwa pupa. Tungemchemshia mtoto maji aoge. Tungeziloweka nguo zake kwenye karai. Kisha tungemwita mzee wa mtaa aje "tuzungumze kama watu wazima". Yote matatu yanatokana na huruma au haya, na yote matatu humfaa mhalifu.

Hebu basi tumfuate mama huyu, ambaye tutamwita Mama Wanjiku kwa kuwa yeye ni mfano tu na wala si mtu fulani, tuone safari yake inapitia wapi. Huenda tukaelewa ni kwa nini kila mara maafisa wa serikali na mashirika hutaja neno "uratibu". Ukilisikia kwenye semina, baada ya chai na mandazi, neno hilo huchosha. Ukiwa na mtoto mkononi usiku wa manane, hutatamani jingine.

Mahali pa kwanza ni hospitalini. Wengi hudhani ni lazima kuanzia kituo cha polisi, na wapo waliopoteza siku nzima wakisaka karatasi huku muda ukiyoyoma. Muda wenyewe ni mfupi. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hufaa zikianzwa kabla ya saa 72 kupita, na kadiri unavyowahi ndivyo bora; kisha hunywewa kwa siku 28 mfululizo. Kwa msichana aliyebaleghe na kwa mwanamke kuna dawa ya kuzuia mimba, ambayo mwisho wake ni saa 120. Chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 na kanuni zilizotolewa mwaka 2012, matibabu haya katika hospitali ya umma ni ya bure.

Nguo alizokuwa amevaa mtoto zisifuliwe. Zikaushwe kivulini kama zimelowa, zifungwe kwa karatasi na zipelekwe jinsi zilivyo. Hata gazeti hili ulilolishika litafaa kuliko mfuko wa plastiki (ambao isitoshe ulipigwa marufuku humu nchini tangu mwaka 2017), kwa maana plastiki hufungia unyevu na ushahidi ukaoza.

Huko hospitalini daktari au tabibu hujaza fomu iitwayo PRC. Hujazwa nakala tatu: moja ya polisi, moja ya mgonjwa na moja ya kubaki hospitalini. Iangalie vizuri kabla ya kuondoka. Jina liwe sawa, tarehe iwe sawa, na aliyeijaza aandike jina lake kwa herufi zinazosomeka, kwani miezi minane baadaye mtu huyo atatafutwa aje kutoa ushahidi, na huenda wakati huo amehamishiwa wilaya nyingine kabisa.

Kutoka hapo ni kituo cha polisi. Taarifa huandikwa kwenye kitabu cha matukio, kile ambacho sote twakiita OB, na mlalamishi hupewa nambari. Halafu kuna fomu ya P3, ambayo polisi huitoa na daktari huijaza, kumaanisha Mama Wanjiku atarudi tena hospitalini. Vituo vingi siku hizi vina dawati la jinsia. La kwanza lilifunguliwa katika kituo cha Kilimani, Nairobi, mwaka 2004. Jambo hilo ni jema. Lakini dawati ni meza tu ikiwa afisa wake ametumwa kulinda mkutano wa hadhara na hakuna mwingine aliyefunzwa kazi hiyo. Hapo ndipo mama huambiwa, "Rudi kesho, mama."

Kesho yake kuna afisa wa watoto, ambaye ofisi yake huenda iko mbali kwa matatu mbili. Baadaye kuna kiongozi wa mashtaka, na mwishowe hakimu. Hizo ni ofisi tano, na sijamtaja chifu, mwalimu mkuu wala maabara ya serikali. Kila mmoja anamwuliza mtoto swali lile lile: ilikuwaje? Kila akiulizwa, kidonda kinatoneshwa upya. Mama naye anafanya kibarua; siku asipofika kazini hakuna mshahara, na nauli inatoka mfuko ule ule wa unga na kodi ya nyumba. Mara ya nne au ya tano anachoka. Faili inabaki kabatini na mshukiwa anarudi mtaani akipiga mluzi.

NYASI ZA BUSIA

Usidhani natia chumvi. Mnamo Juni 2013, katika kaunti ya Busia, msichana wa miaka 16 aliyekuwa akitoka matanga ya babu yake alivamiwa na kundi la vijana, wakambaka na kumtupa ndani ya shimo la choo. Baadhi ya washukiwa walikamatwa. Adhabu waliyopewa kituoni ilikuwa kufyeka nyasi, kisha wakaachiliwa waende nyumbani. Habari hizo zilipochapishwa magazetini zilizunguka dunia, na zaidi ya watu milioni moja wakatia sahihi ombi la kutaka haki itendeke. Aprili 2015 wanaume watatu walihukumiwa kifungo cha miaka 15 gerezani. Sahihi milioni moja ili faili moja ifunguliwe! Ni watoto wangapi walio na watu milioni moja wa kuwatilia sahihi?

Mwaka huo huo wa 2013, tarehe 27 Mei, Mahakama Kuu ya Meru ilikuwa imeamua kesi iliyokuja kujulikana kama ya "wasichana 160". Wasichana walionajisiwa, wakisaidiwa na kituo kilichowahifadhi na mawakili, waliishtaki idara ya polisi kwa kutochunguza malalamishi yao. Jaji alisema waziwazi kwamba uzembe huo wa polisi ulivunja haki zao za kikatiba, na akaagiza uchunguzi ufanywe upesi na kitaalamu. Tangu hapo afisa anayekuambia "haya ni mambo ya nyumbani" anazungumza kinyume cha uamuzi wa mahakama, na unaweza kumkumbusha kwa heshima: "Afande, naomba uniandikie OB."

Jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui ni hili. Mzee wa mtaa na jamaa wa mshukiwa hawana uwezo wowote wa kuifunga kesi ya aina hii. Sheria ya 2006, kifungu cha 40, ilisema uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka ni wa Mwanasheria Mkuu, kazi ambayo chini ya Katiba ya 2010 imo mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Si ya chifu, si ya OCS, wala si ya baba wa mtoto aliyekwisha kupokea mbuzi wawili na blanketi. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake, sheria imemwekea kifungo cha maisha. Mbuzi wawili wataingia wapi hapo?

SIMU MBILI, NYUMBA MOJA

Kuna pengo lingine ambalo halizungumzwi sana. Mara nyingi mkono unaompiga mama ndio unaompiga mtoto, chini ya paa lile lile la mabati. Lakini ukitazama mipangilio yetu, utakuta mama ana idara yake, ile ya jinsia, na mtoto ana idara yake, ile ya huduma za watoto. Mama ana nambari yake ya simu, 1195, na mtoto ana yake, 116. Zote mbili hupigwa bila malipo, mchana na usiku. Sipingi kuwepo kwazo, zimeokoa wengi. Ninachouliza ni kama anayepokea simu ya mama aliyevunjwa mkono huuliza, "Na watoto, mama, wako wapi sasa hivi?" Na anayepokea ripoti ya mwanafunzi mwenye alama za mkanda mgongoni huuliza hali ya mama yake?

Sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani ilijaribu kuliziba pengo hili. Chini yake mahakama yaweza kutoa amri ya kumzuia mtesaji asiikaribie familia, hata ikiwa nyumba ni yake, na amri hiyo ikawalinda mama na watoto kwa pamoja. Ni silaha nzuri, ila wanaoijua ni wachache.

Je, kuna dalili za matumaini? Zipo. Serikali ilifanya uchunguzi wa kitaifa kuhusu dhuluma kwa watoto mwaka 2010, ikarudia mwaka 2019, vijana wa miaka 18 hadi 24 wakiulizwa yaliyowapata utotoni. Mwaka 2010, wasichana 32 katika kila 100 walisema walidhulumiwa kimapenzi kabla ya kufika miaka 18. Mwaka 2019 walikuwa takriban 16. Kwa wavulana, idadi ilishuka kutoka 18 hadi 6 hivi. Naam, wavulana pia, na familia nyingi hazitaki hata kulisikia hilo. Hakuna ofisi moja inayoweza kujigamba kwamba ndiyo iliyoleta upungufu huo. Hata hivyo, uchunguzi wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba wanawake 34 katika kila 100 wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15, kwa hivyo tusianze kushangilia. Maelfu walioandamana Nairobi na miji mingine Januari 27, 2024 kupinga mauaji ya wanawake hawakutoka kwenda kuota jua.

Kuhusu kuzuia maovu haya kabla hayajatokea, majirani zetu wa Kampala wana somo. Shirika la Raising Voices lilianzisha huko mpango uitwao SASA!, jina lililochukuliwa kutoka Kiswahili chetu. Halikuwakusanya wanawake hotelini. Liliwafunza watu wa kawaida wa mitaa ya Rubaga na Makindye, wanaume kwa wanawake, wakazungumza na wenzao sokoni, vilabuni na vibarazani, huku polisi, wahudumu wa afya na viongozi wa mtaa wakifunzwa lugha ile ile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba dhuluma za kupigwa na mume au mpenzi zilikuwa chini kwa asilimia 52 kuliko katika mitaa ambayo mpango haukufika. Siri yake, kwa maoni yangu, ni kwamba mwanamume aliyemsikia jirani yake, akamsikia askari, akamsikia na daktari, hakupata hata mmoja wa kumwambia, "Hayo ni mambo ya nyumbani."

Hapa kwetu ipo mikutano ya namna hiyo, ingawa haiandikwi sana. Kila kituo cha mahakama kina kamati ya watumiaji wa mahakama, ambamo hakimu huketi meza moja na polisi, kiongozi wa mashtaka, afisa wa watoto, afisa wa urekebishaji tabia, wa magereza na wa afya. Mimi huiamini kamati hii kuliko semina kumi, kwa sababu ndani yake hakimu anaweza kumgeukia mtu na kumwuliza mbona daktari hakuja kutoa ushahidi mara tatu, na mtu huyo yupo pale, hana pa kujificha. Mahakama maalumu ya kesi za dhuluma za kijinsia iliyofunguliwa Shanzu, Mombasa, mwaka 2022 ilitokana na kilio hicho hicho cha kesi kukawia. Na hospitali zenye kituo kimoja cha tiba, ushauri na ushahidi, kama kile cha Nairobi Women's kilichoanzishwa mwaka 2001, zimempunguzia mgonjwa mwendo. Laiti kila hospitali ya kaunti ndogo ingekuwa na chumba kimoja kama hicho, chenye mlango unaofungika, na afisa wa polisi akafika hapo badala ya mama kumfuata.

Kabla hilo halijatimia, kazi ya kuziunganisha ofisi hizo tano itakuwa ya mtu anayemsindikiza mtoto. Ndiye atakayebeba karatasi, kukumbuka majina, kupiga simu na kusema, "Daktari ameshamwuliza, afande, yote yako hapa kwenye fomu." Mara nyingi mtu huyo si mzazi, maana mzazi amechanganyikiwa.

Zile nambari mbili, 116 na 1195, ziandike nyuma ya mlango, pale mlipoandika nambari ya mita ya stima. Kisha turudi kwenye usiku wetu wa Jumatano. Mvua imekatika. Nguo za mtoto zimefungwa kwa gazeti, Mama Wanjiku amejitanda leso na kuvaa viatu, naye amesimama mlangoni akikutazama. Wewe umevaa vyako?