Mwangwi wa Gitaa Uangukie Wapi?

Fundi wa studio akishamaliza kurekodi gitaa la umeme na kufungua plagini ya dilei, yaani programu ya kompyuta inayotengeneza mwangwi, mara nyingi mkono wake huanzia kwenye kitufe cha kiasi. Anaongeza mpaka mwangwi usikike, anapunguza kidogo, basi. Ningemwomba aanzie kwingine. Dilei inapiga noti. Kila noti ya mpiga gitaa inasikika tena baada ya muda fulani, na muda huo tayari una wenyewe: ngoma, besi, mwimbaji, pengine gitaa la pili. Kabla ya kuuliza mwangwi uwe mkubwa kiasi gani, tuulize noti hizo za ziada zinaangukia wapi.

Hesabu yake ni nyepesi. Gawanya 60,000 kwa idadi ya mapigo ya wimbo kwa dakika, utapata urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Wimbo wa mapigo 120 una pigo la milisekunde 500. Ukiweka dilei ya 250, mwangwi unaangukia katikati ya pigo na pigo, na kama gitaa nalo linapiga hapo hapo, noti mpya inaufunika mwangwi wa iliyotangulia. Ukiweka robo tatu ya pigo, yaani 375, mambo yanabadilika. Mpiga gitaa anapiga noti mfululizo za nusu pigo, mwangwi unaingia kwenye mianya iliyo kati yake, na msikilizaji anapata mtiririko wa noti za robo pigo ambao mkono haukuupiga. The Edge, mpiga gitaa wa bendi ya U2, amejengea mtindo wake hapo, na wimbo wao wa 1987, "Where the Streets Have No Name", ni mfano wa wazi kabisa. Toa mwangwi kwenye gitaa la namna hiyo, nusu ya noti zinaondoka.

Ndiyo maana upigaji wa aina hii hauwezi kusubiri siku ya kuchanganya sauti. Mpiga gitaa lazima ausikie mwangwi kwenye vipokea sauti vya masikioni wakati anarekodi, kwa kuwa anapiga nao. Wengi hukwama hapa, maana kompyuta nayo huchelewesha sauti kwa milisekunde kadhaa, na mpigaji huhisi uzi haumjibu. Dawa ipo: asikie sauti kavu, yaani isiyo na mwangwi, moja kwa moja kutoka kwenye kifaa cha kuingizia sauti, isiyopitia kompyuta, na kutoka kwenye kompyuta aletewe mwangwi peke yake. Milisekunde 10 zikiongezwa juu ya 375 hazimsumbui, lakini zikiongezwa juu ya sauti kavu zinamharibia mkono.

Ukishapanga muda wa dilei, angalia kitufe cha marudio. Plagini inachukua mwangwi uliotoka na kuurudisha ndani ukiwa umepungua. Ukiweka asilimia 50, kila rudio lina nusu ya kimo cha lililotangulia, sawa na kushuka desibeli 6, na inachukua marudio 10 hivi kushuka desibeli 60. Kwa dilei ya 375 hiyo ni karibu sekunde 4 za mkia baada ya kila noti. Kodi (chord) ikibadilika kila sekunde 2, noti za kodi iliyopita bado zinalia juu ya mpya. Asilimia 25 inazima mkia baada ya marudio 5 tu, na kwa nyimbo nyingi hiyo inatosha kabisa.

Halafu kuna rangi ya mwangwi, na hapa inafaa kujua mashine za zamani zilivyofanya kazi, maana plagini nyingi zinaziiga. Mwaka 1954 huko Memphis, Marekani, Sam Phillips wa lebo ya Sun alitumia mashine mbili za mkanda za Ampex. Sauti ilirekodiwa na kichwa kimoja, ikasomwa na kingine kilichokaa mbele kidogo, na safari ya mkanda kati ya vichwa hivyo ndiyo iliyokuwa dilei. Tuseme mkanda unakimbia sentimita 38 kwa sekunde na vichwa viko umbali wa sentimita 5: unapata milisekunde 130 hivi, rudio moja fupi linalofuata noti mgongoni. Scotty Moore, mpiga gitaa wa Elvis Presley, aliipenda sauti hiyo hata akachukua amplifaya ya Ray Butts, EchoSonic, yenye mkanda ndani yake, ili aibebe jukwaani. Baadaye, mwaka 1969, Sangster na Teer wa kampuni ya Philips walibuni saketi iliyopitisha chaji za umeme hatua kwa hatua, kama watu waliojipanga wakipokezana ndoo za maji. Saketi za aina hiyo ndizo zilizoingia ndani ya pedali za miaka ya 1970.

Mkanda ulichakaza sauti kali kila ulipoizungusha. Saketi za Philips zilihitaji filta za kuzuia kelele, na filta hizo nazo zilikata ukali. Mwangwi ukatoka hafifu na mzito kidogo, ukakaa nyuma ya gitaa bila kuambiwa. Dilei ya kidijitali haichakazi chochote: rudio la tano lina ukali uleule wa la kwanza, na linagombana na noti inayopigwa. Kwa hiyo tumia filta za plagini. Mimi hukata chini ya hezi 200 ili mwangwi usiiguse besi, na juu ya hezi 3,500 ili usigombanie konsonanti za mwimbaji. Filta hizo hubadilisha wimbo zaidi kuliko kitufe cha kiasi.

Liweke pia jambo moja akilini: pedali iliyo mbele ya amplifaya inayokwaruza hupeleka mwangwi ndani ya mkwaruzo, na noti mpya na za zamani zinasagwa pamoja. Plagini iliyowekwa baada ya amplifaya kurekodiwa inarudia sauti ambayo imeshakwaruzwa, kwa hiyo kila rudio linabaki na umbo lake. Usishangae ikiwa vipimo vya pedali yako havifanani tena kwenye kompyuta.

Iweke dilei kwenye chaneli ya pembeni, ikitoa mwangwi mtupu, gitaa kavu libaki kwenye chaneli yake. Hapo unaweza kuuchuja na kuunyamazisha mwangwi kwenye beti bila kuligusa gitaa. Plagini nyingi pia zina uwezo wa kuushusha mwangwi gitaa linapopiga na kuupandisha linaponyamaza. Kwenye solo yenye noti nyingi hakuna msaada mkubwa kuliko huo.

Dilei fupi sana, chini ya milisekunde 30, haisikiki kama mwangwi. Sikio linaunganisha sauti mbili kuwa moja, jambo ambalo Helmut Haas alilipima mwaka 1949, na moja ikiwekwa kushoto na nyingine kulia, gitaa linaonekana kupanuka. Lakini wimbo ukichezwa kwenye spika moja ya simu, nakala hizo mbili zinajumlishwa na kufutana: dilei ya milisekunde 1 yenye sauti sawa inafuta hezi 500, 1,500, 2,500 na kuendelea. Wasikilizaji wetu wengi wanasikilizia kwenye simu. Bonyeza kitufe cha mono kabla ya kuutoa wimbo.

Ugumu mkubwa ninaouona uko kwenye dansi na rumba yetu. Katika sebene, sehemu ya wimbo inayoongozwa na magitaa, solo, solo la pili na ridhimu wanapokezana, kila gitaa likijibu kwenye mwanya ulioachwa na jingine. Mianya ambayo The Edge aliijaza kwa mashine, hapa inajazwa na binadamu. Dilei ya robo tatu ya pigo ikiwekwa juu ya solo inaingia moja kwa moja kwenye noti za solo la pili na kuzifuta. Kwenye sebene naanza na rudio moja, milisekunde 100 hadi 140, lililokatwa ukali, upande wa pili wa gitaa lenyewe. Marefu nayaachia noti ya mwisho ya kifungu, pale mwimbaji anapovuta pumzi.

Na bendi ikirekodi pamoja bila metronomu, kama ilivyokuwa kawaida kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, usiiamini namba ya mapigo iliyo kwenye skrini. Sebene mara nyingi hukimbia kuliko beti. Pima urefu wa pigo kwenye picha ya sauti ya ngoma, mwanzoni mwa beti na tena mwanzoni mwa sebene, kisha uandikie kila sehemu muda wake wa dilei.