Karatasi Ikikukataa, Tengeneza Ubao

Masta, siku matokeo ya Exetat inatoka, mtaa unageuka mweupe. Wenye walipita wanamwagiana poda kichwani mpaka kope, mapiki yanalia toka sokoni mpaka kwa barabara ya Kasongo. Na we uko ndani ya nyumba, telefone mkononi, mesaji imeshakuambia: haukupita. Mama anakuletea bugali na sombe, anaweka chini, haseme kitu. Ile kimya yake njo inauma kushinda mesaji.

Mi ilinipata. Nilikuwa finalisti wa pedagojia, na kwetu Kabambare D6 ya pedagojia, ile diploma ya Exetat, si karatasi ya kutundika kwa ukuta. Njo ruhusa ya kusimama mbele ya watoto wa primeri wakuite mwalimu. Ukiikosa, wenzako wanaanza kazi, wengine wanapiga njia ya Salamabila kufata dhahabu, we unabaki kujificha. Miezi mitatu nilikuwa napita njia ya nyuma nikienda mtoni, juu nisikutane na mtu wa klasi yetu. Nasema wazi: ile miezi iliniangusha kushinda mtihani wenyewe.

Exetat, ule mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, iko toka 1967, na imeangusha vichwa vya nguvu inchi nzima. Ukitaka kuirudilia bila kurudi masomoni, unajiandikisha otodidakte, unapita kwanza preliminari. Kisha orsesyo, yenye disertasyo ya Kifaransa na pratiki, alafu siku nne za itemu. Unatafuta 50 kwa 100, basi.

Vijana wengi wakianguka wanafungua kaye ukurasa wa kwanza, wanameza yote upya. Bure, bana. Jiulize ulianguka wapi. Mi nilijua. Itemu zilikuwa zinakubali. Disertasyo njo ilinimaliza: nafikiri Kiswahili, naandika Kifaransa, sentensi inakatika katikati kama daraja ya miti. Na kwa pratiki, mbele ya jiri, chaki ilinitetemeka mkononi mpaka ikavunjika.

Njo nikatengeneza ubao. Mbao mbili nikazipiga misumari. Mawe ya tochi yenye yalikufa nikayapasua, nikatwanga ule unga mweusi, nikachanganya na maji ya majani ya muhogo, nikapaka mara tatu. Mikono ilibaki nyeusi siku mbili. Nikauegemeza kwa mwembe, nikaita watoto wa jirani.

Somo la kwanza nikachagua la kwetu: Livingstone, ule mzungu mwenye alirudi hapa Julai 1870, vidonda vya miguu vikamfunga kwanza, kisha akangojea watu toka pwani mpaka Februari 1871, ndipo akashika njia ya Nyangwe. Bambarre, njo vile alikuwa anaandika jina letu. Katoto kamoja kakanyoosha mkono: "Mwalimu, ile miezi yote alikuwa anafanya nini?" Nikasema alikuwa anasoma. Akiwa huku Manyema alimaliza Biblia nzima mara nne. Kakashangaa, kakauliza kama ilikuwa na picha. Nikajibu, nikageuka kuandika, na chaki haikutetemeka. Na ilikuwa mara ya kwanza mtu ananiita mwalimu.

Disertasyo nayo, kila jioni paragrafu moja. Si tatu, si tano. Naipeleka kwa mzee mmoja mwenye alifundisha miaka mingi, anaikata na biki nyekundu, naiandika tena kabla ya kulala. Mwanzo ilikuwa nyekundu yote. Sasa anakata mistari miwili, mitatu.

Na kuna wenye watakuja kwako usiku eti wanauzisha majibu. Wafukuze, ndugu yangu. Siku ya pratiki hakuna mwenye atasimama mbele ya jiri pahali pako.

Preliminari haiko mbali. We mwenye ulianguka, ikiwa ya pedagojia ao ya opsyo ingine, toka ndani ya nyumba. Kuja saa kumi na moja ya jioni kwa mwembe, leta kaye na biki. Chaki iko.