Magoti Yanauma? Tazama Kwanza Baiskeli Yako

Hapa Mlowo baiskeli moja hupita lami ya kwenda Tunduma asubuhi, na jioni ikapita mashimo na matope ya mashamba ya kahawa. Wapo wanaomeza dawa za maumivu ya magoti wiki hadi wiki, kumbe dawa yao ni spana.

Kwanza, urefu wa kiti. Mwenzio aishike baiskeli, nawe ukae na kuweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukikanyaga kwa mbele ya unyayo, goti litajikunja kidogo. Kiti kikiwa chini mno goti huumia. Kikiwa juu mno nyonga huyumba na kiuno huuma. Baba na kijana wakitumia baiskeli moja, kila mmoja apime upya.

Pili, kiti kilale sawa. Kikiinuka mbele hubana mishipa ya fahamu na ya damu, sehemu za siri zikafa ganzi.

Tatu, usukani usiwe chini wala mbali mno. Viganja hufa ganzi na shingo huuma.

Nne, weka tairi pana kadiri fremu inavyoruhusu. Kwenye lami jaza upepo. Kwenye njia mbovu punguza kidogo, ila rimu isigonge mawe.

Wakati wa mvua breki za rimu huchelewa kushika. Punguza mwendo kabla ya mteremko.

Ganzi isipoondoka, au mkojo ukisumbua, usisubiri: nenda kituo cha afya. Mwili ni amana.